Maswali ya Wasomaji: Supu ya Nguruwe na Miso Katika Jiko la Mombasa

Katika toleo lililopita tuliitaja kwa sentensi mbili tu supu ya Kijapani iitwayo tonjiru, ambayo hupikwa kwa nyama ya nguruwe, mboga za mizizi na miso, yaani kiungo cha soya zilizochachushwa. Barua zilizotufikia baada ya hapo zimetuonyesha kwamba sentensi mbili hazikutosha, nasi tumeona ni haki kuutenga ukurasa mzima wa jikoni kwa ajili ya supu hii.

Swali: Nilionja tonjiru kwa jirani yangu aliyerejea kutoka masomoni Japani, nikaipenda mno. Nilipojaribu kuipika mwenyewe, haikufanana hata kidogo na ile niliyoionja. Nilikata nyama vipande kama vya mchuzi, nikaichemsha pamoja na miso, vitunguu, nyanya na vitunguu saumu kwa muda wa saa nzima. Ilitoka chumvi tupu, imetanda povu la kijivu, na ile harufu nzuri ya miso haikuwapo. Isitoshe, mboga zilizotajwa katika maelezo niliyopewa sizijui. Nilikosea wapi?
— Msomaji, Tudor

Jibu: Kosa lako kubwa ni la mpangilio, na ni kosa ambalo mpishi yeyote wa pwani angelifanya kwa nia njema kabisa. Sisi tumezoea kwamba kiungo hutangulia: kitunguu kikaangwe, bizari na thomu zitoe harufu, ndipo nyama na maji vifuate, na kadiri mchuzi unavyokaa motoni ndivyo unavyokolea. Miso huenda kinyume cha desturi hiyo, kwa kuwa ni kiungo kilichokwisha kuiva kabla hakijafika jikoni kwako. Ni maharage ya soya yaliyochemshwa au kupikwa kwa mvuke, yakapondwa na kuchanganywa na chumvi pamoja na koji, yaani mchele, shayiri au soya zenyewe zilizooteshwa kuvu aitwaye Aspergillus oryzae, kisha yakaachwa yachachuke kwa wiki, miezi, au hata zaidi ya mwaka. Harufu iliyojengeka kwa muda wote huo ni nyepesi na huruka pamoja na mvuke, kwa hiyo ukiichemsha miso saa nzima unabaki na chumvi yake na kuipoteza ile ladha uliyoinunulia. Miso huingia mwishoni, moto ukiwa umeshazimwa au u karibu kuzimwa.

Tuanze na nyama. Sehemu inayotakiwa ni ile ya tumboni, yenye matabaka ya mafuta na mnofu, na kwa sufuria ya watu wanne gramu 200 zinatosha kabisa, kwa sababu hapa nyama huikoleza supu na wala haiijazi bakuli. Nunua katika bucha la nguruwe ambalo nyama yake ina muhuri wa ukaguzi, kisha mwombe muuzaji akutolee ngozi. Vipande vya mchuzi havifai, kwani supu hii hutaka nyama nyembamba ya unene wa milimita mbili au tatu, jambo ambalo ni gumu kulitimiza nyama ikiwa laini. Iweke katika friza kwa muda wa saa moja hadi mbili mpaka ikaze bila kuwa jiwe, halafu uikate kwa kisu kikali dhidi ya nyuzi zake, kila kipande kiwe na urefu wa sentimita tatu au nne. Pamoja na wembamba huo, usiionje wala usiipakue nyama ya nguruwe kabla haijaiva barabara, kwa maana nyama mbichi yaweza kubeba vifuko vya mnyoo tegu, na moto wa kutosha huviua.

Sasa mboga, na hapa nina habari njema kwako. Kiazi ambacho Wajapani hukiita satoimo na kukitia katika supu hii ni jimbi hili hili letu, mmea ule ule ambao wenzetu wa bara huuita nduma, na ambao wengi tumezoea kuuona ukipikwa kwa nazi katika futari ya Ramadhani. Wajapani wamelizalisha liwe na viazi vidogo vyenye utelezi zaidi, lakini jina lake la kisayansi ni lile lile, Colocasia esculenta, na hata mwasho wake mikononi ni ule ule, unaosababishwa na chembe ndogo zenye ncha kama sindano zilizomo ndani yake. Tafuta Kongowea majimbi madogo, yamenye mikono ikiwa mikavu au imepakwa mafuta, yakate vipande vya kutosha mdomoni, yasugue kwa chumvi kidogo, yachemshe dakika tatu, mwaga maji hayo, kisha uyasuuze. Ukiiruka hatua hii supu yako itakuwa na utelezi kupita kiasi.

Mboga ya pili ni figili, ile nyeupe na ndefu ambayo katika soko la Marikiti wauzaji wa mboga za Kihindi huiita muli. Imenye, ipasue mara nne kwa urefu, kisha uikate vipande vya unene wa nusu sentimita. Karoti ikatwe kwa namna hiyo hiyo, ila iwe nyembamba zaidi kwa sababu huchelewa kuiva. Katika maelezo uliyopewa bila shaka umekuta pia gobo, ambao ni mzizi mrefu mwembamba wenye harufu ya udongo, na konnyaku, ambayo ni donge la utelezi mgumu linalotengenezwa kwa unga wa kiazi fulani na ambalo halina ladha yake lenyewe. Usihangaike navyo. Gobo hauna mbadala wa kweli, nami sikushauri kutia muhogo mahali pake, kwani muhogo utaifanya supu iwe nzito kama uji. Ukitaka kitu cha kujazia, tia kiazi kitamu. Wapo Wajapani wanaofanya hivyo, na utamu wake huafikiana vizuri na chumvi ya miso. Nyanya na thomu ziache kando, si kwa sababu ni haramu kwa supu hii, bali kwa sababu zina sauti kubwa, na miso ikishindana nazo haisikiki tena.

Kupika kwenyewe si kazi ndefu. Pasha sufuria nzito kwa moto wa wastani, tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya simsim, kisha nyama, nawe uigeuzegeuze mpaka wekundu uishe na mafuta yake yaanze kutoka. Tia majimbi, figili na karoti, zigeuze dakika mbili ili kila kipande kipakwe mafuta, halafu mimina lita moja ya maji au ya mchuzi wa dagaa nitakaoueleza katika jibu lifuatalo. Mara supu itakapochemka litapanda povu la kijivu, nalo ndilo lililokuharibia sura ya supu yako. Simama hapo hapo na upawa, uliengue lote kwa uvumilivu, huku ukiyaacha matone ya mafuta yanayong'aa, maana hayo ni sehemu ya ladha, na tabaka lake juu ya supu ndilo linaloifanya ikae na moto kwa muda mrefu. Punguza moto, funika nusu, na uache dakika kumi na tano hadi ishirini mpaka jimbi lipenywe na ncha ya kisu bila kukataa.

Miso itakayotosha ni vijiko vinne vya mezani, lakini anza na vitatu. Wapishi wengi wa Kijapani huigawa mara mbili, nami naiona njia hii kuwa bora kwa tonjiru: theluthi moja hutiwa mboga zikikaribia kuiva ili chumvi iingie ndani ya jimbi, na sehemu iliyobaki hutiwa moto ukizimwa ili kuhifadhi harufu. Usiitupe miso ndani kama donge. Iweke katika upawa, teka supu kidogo, ikoroge mpaka iyeyuke yote, ndipo uichanganye na iliyobaki sufuriani. Onja, ongeza ikihitajika, kisha unyunyize majani ya vitunguu yaliyokatwakatwa na tangawizi mbichi iliyoparuzwa. Tangawizi hiyo usiisahau hata kidogo, kwa sababu ndiyo inayoondoa uzito wa mafuta ya nguruwe ulimini.

Neno moja kuhusu mafuta ya simsim: yale ya Kijapani hukamuliwa kutoka kwenye mbegu zilizokaangwa, ndiyo maana yana rangi ya kahawia na harufu kali, ilhali mengi yanayouzwa katika maduka ya Kihindi hukamuliwa kutoka kwenye mbegu mbichi. Ukiwa na haya ya pili, kaanga kijiko cha mbegu za simsim bila mafuta, zitwange, uzinyunyize juu ya supu.

Swali: Maelezo yote niliyoyasoma yanataka dashi, yaani mchuzi mwepesi wa msingi, ya mwani uitwao kombu na vipande vya samaki mkavu, katsuobushi. Vitu hivi nimevitafuta bila mafanikio, na hata vikipatikana nahisi vitakuwa ghali mno. Je, niache kupika?
— Mama wa watoto watatu, Kisauni

Jibu: La, mama, usiache. Kwanza, tonjiru ni mojawapo ya supu za Kijapani zinazohitaji dashi kwa uchache zaidi, kwa kuwa nyama yenyewe na zile mboga za mizizi hutoa mchuzi wao; ukipika kwa maji matupu utapata supu nzuri. Pili, kuna aina ya tatu ya dashi ambayo huenda hukuelezwa, nayo ni ya kifukara zaidi na ya nyumbani zaidi: ni ya niboshi, yaani dagaa wadogo. Jina hilo lenyewe maana yake ni kilichochemshwa kikaanikwa, na hivyo ndivyo hasa dagaa wetu wa bahari wanavyotengenezwa huko Gazi na Vanga: huchemshwa katika maji ya chumvi na kuanikwa juani.

Chukua gramu kumi na tano hivi za dagaa wakavu wa baharini, waliokauka vizuri, wasio na harufu ya mafuta yaliyochacha. Wakate vichwa na uwatoe matumbo kwa kidole, mmoja mmoja. Ni kazi ya kuchosha, lakini uchungu wote wa dagaa umo humo. Waloweke katika lita moja ya maji kwa nusu saa, au usiku kucha ndani ya friji, kisha uwapandishe motoni polepole, wachemke dakika tano au saba, uwachuje. Yaonje maji hayo kabla ya kuyatumia, kwa sababu dagaa wetu mara nyingi hutiwa chumvi nyingi kuliko wale wa Japani, na miso nayo ina chumvi yake. Dagaa wa ziwani, omena, wanaweza kutumika ikibidi, ila harufu yao ni nzito zaidi nami ningewapunguza wawe nusu ya kipimo.

Utajiuliza kwa nini tusumbuke na dagaa katika supu ambayo tayari ina nyama. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda wa Tokyo alichunguza mchuzi wa kombu akagundua kwamba ladha yake hutokana na glutamati, naye akaiita ladha hiyo umami. Mwaka 1913 Shintaro Kodama akaonyesha kwamba katika katsuobushi kuna kitu kingine, inosinati. Baadaye ikathibitika kwamba viwili hivi vikikutana mdomoni ladha haijumlishwi tu, bali huzidishwa mara kadhaa. Miso ina glutamati nyingi, na inosinati imo ndani ya dagaa na ndani ya nyama ya nguruwe vile vile. Ndiyo sababu kiganja kimoja cha dagaa hubadilisha sufuria nzima, na ndiyo sababu pia ukikosa dagaa nguruwe peke yake hakuangushi.

Swali: Sisi ni Waislamu na nguruwe hatuli. Hata hivyo nimevutiwa na habari ya supu ya miso yenye mboga, na binti yangu ananisihi nimpikie. Je, nikitoa nguruwe kutabaki supu ya kueleweka? Na hiyo miso yenyewe haina tatizo?
— Msomaji, Mji wa Kale

Jibu: Shukrani kwa swali lako, na tulilitarajia. Supu itabaki, na nzuri sana. Njia iliyo karibu zaidi na tonjiru ni kutumia paja la kuku wa kuchinjwa kihalali, pamoja na ngozi yake, likakatwa vipande vyembamba na kukaangwa kwanza ili litoe mafuta. Hatua zilizobaki ni zile zile nilizomweleza msomaji wa Tudor. Minofu ya kifuani sikushauri, kwani haina mafuta ya kuibeba miso na hukauka upesi.

Lakini kama ningekuwa mgeni mezani kwako ningeomba kenchinjiru. Ni supu isiyo na nyama kabisa, ambayo asili yake huhusishwa na hekalu la Kencho-ji katika mji wa Kamakura, lililoanzishwa mwaka 1253, ambako watawa hawakula nyama. Nchini Japani sheria za kukataza baadhi ya nyama zilianza zamani sana, tangu amri ya Mfalme Tenmu ya mwaka 675, na ulaji wa nyama haukuenea hasa mpaka zama za Meiji katika karne ya 19. Kwa hiyo ustadi wa kupika supu yenye ladha nzito bila nyama ni wa kale huko. Katika kenchinjiru majimbi, figili na karoti hukaangwa kwa mafuta ya simsim pamoja na tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, iliyokamuliwa maji na kuvunjwavunjwa kwa mkono. Kwa kawaida hukolezwa kwa sosi ya soya, na wapo wanaotia miso, hasa majumbani. Uyoga ukitiwa, supu hunenepa ladha zaidi. Usijione unapika nakala yenye upungufu, kwa maana ni supu kamili yenye jina na heshima yake.

Kuhusu miso, tahadhari yako ni ya haki. Viambato vyake vya asili ni soya, koji, chumvi na maji, lakini baadhi ya watengenezaji huongeza alkoholi ili kusimamisha uchachukaji, pakiti isije ikafura dukani. Soma orodha ya viambato kwa makini, na ikiwezekana chagua iliyo na alama ya halali. Aina zilizochanganywa tayari na dashi nazo zisome mpaka mwisho wa orodha. Maelezo mengi ya mapishi ya Kijapani hutaja pia sake au mirin, ambazo zote ni za kileo. Katika supu hii hazihitajiki, nawe unaweza kuziacha bila kuharibu lolote. Kwa jambo la hukumu ya dini kuhusu vyakula vilivyochachushwa, sheikh wako ndiye wa kumwuliza, si ukurasa wa jikoni.

Swali: Daktari ameniagiza nipunguze chumvi kwa sababu ya shinikizo la damu. Je, supu hii nisahau?
— Msomaji, Changamwe

Jibu: Agizo la daktari litangulie, mzee wetu, nawe umwoneshe hesabu hii. Miso ya kawaida ina chumvi kiasi cha asilimia 12, kwa hiyo kijiko kimoja cha mezani chenye gramu 18 kina chumvi inayozidi kidogo gramu mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu tano kwa siku nzima. Bakuli moja basi ni karibu nusu ya kiwango hicho, kabla hujala kitu kingine chochote. Ukiruhusiwa, jaza bakuli kwa mboga na upunguze maji ya supu, tumia nusu ya kipimo cha miso, na uitegemee tangawizi na tone la ndimu kukamilisha ladha. Miso nyeupe tamu ya mtindo wa Kyoto ina chumvi ndogo zaidi, lakini watu huishia kuitia kwa wingi kwa kuwa ni tamu, na faida yote hupotea.

Swali: Nilinunua pakiti ya miso, nikaiacha kabatini miezi miwili. Sasa imegeuka kahawia iliyokoza. Niitupe? Na supu iliyobaki usiku yafaa asubuhi?
— Msomaji, Likoni

Jibu: Usiitupe kwa sababu ya rangi peke yake. Sukari na protini zilizomo katika miso huendelea kushikana na kuitia weusi, na joto la Mombasa huharakisha jambo hilo. Ladha huwa kali zaidi na harufu hupungua, lakini kuharibika siko huko. Ukiona ukungu wa rangi, au ukasikia harufu ya kuoza, hapo itupe. Tangu leo ihifadhi katika friji, uso wake ukiwa umefunikwa na karatasi ya nailoni inayogusa miso yenyewe ili hewa isiingie. Friza ni bora zaidi, maana chumvi iliyomo huizuia isigande kama barafu, nawe utaichota kwa kijiko siku yoyote.

Supu yenyewe ni jambo jingine. Ni kweli kwamba tonjiru ya siku ya pili ina ladha iliyotulia kuliko ya siku ya kwanza, na watu wengi huipenda zaidi hivyo, lakini sharti ni kwamba isilale juu ya jiko. Katika joto letu sufuria ya supu yenye nyama na viazi huharibika kabla ya alfajiri. Iweke sufuria ndani ya beseni la maji baridi, ikoroge mpaka ipoe, kisha iingie friji ndani ya saa mbili tangu kupikwa. Ukijua tangu mwanzo kwamba utabakiza, tenga sehemu hiyo kabla ya kutia miso ya mwisho, na uitie miso asubuhi utakapoipasha. Usipashe mara mbili. Majimbi na tofu havifurahii friza, kwa hiyo usiigandishe.

Swali: Huliwa na nini?
— Msomaji, Mikindani

Jibu: Kwa wali mweupe usiotiwa nazi, na kachumbari yenye siki. Nazi nzuri kama ilivyo, ikikutana na miso na mafuta ya nguruwe huufanya mlo uwe mzito mno. Wajapani hunyunyiza juu ya supu mchanganyiko wa viungo saba uitwao shichimi. Ukikosa, saga pilipili kavu pamoja na simsim zilizokaangwa na ganda la chenza lililokaushwa juani, uweke kibakuli mezani kila mtu ajitilie. Wao huila zaidi majira ya baridi. Sisi baridi ya namna hiyo hatuna, lakini Julai, kusi ikivuma na mvua ikipita jioni, sufuria hii haikai muda mrefu kabla ya kukwanguliwa.